Panga Siku za Akiba Kabla ya Kununua Viatu: Ushauri kwa Anayetoka Dodoma Kwenda Kuvuka Mapito ya Khumbu

Wanaoniuliza kuhusu safari ya miguu ya mapito matatu (njia za juu zinazovuka kati ya vilele) ya Khumbu, eneo la milima chini ya Everest huko Nepal, karibu wote huanzia kwenye viatu. Wanataka kujua aina, bei, na kama vinapatikana Dar es Salaam au ni lazima viagizwe. Mimi huwarudisha nyuma kidogo kwa kuwauliza likizo yao ni ya siku ngapi, na kati ya hizo ni ngapi ambazo hawajazipangia jambo lolote. Viatu vizuri ni muhimu, lakini sijamwona mtu aliyeshindwa safari ile kwa sababu ya viatu. Niliowaona wakishindwa, na wengine wakishushwa kwa helikopta, walikuwa watu wenye vifaa vya kutosha na ratiba iliyobana kiasi kwamba hawakuweza kukaa mahali pamoja hata siku moja ya ziada.

Safari yenyewe huanzia Lukla, kwenye kiwanja kidogo cha ndege kilichopo mita zipatazo 2,850 juu ya usawa wa bahari, ikapanda hadi mji wa Namche, kisha ikazunguka mabonde ya chini ya Everest kwa kuvuka Kongma La yenye mita 5,535, Cho La yenye mita 5,420 na Renjo La yenye mita zipatazo 5,360. Kwa mtu wa kawaida ni kazi ya siku 18 hadi 21 za kutembea na kupumzika. Sehemu kubwa ya njia imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Sagarmatha, ambayo tangu mwaka 1979 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Sisi Watanzania tuna jambo moja linalotudanganya, nalo ni Kilimanjaro. Mtu aliyefika Uhuru, mita 5,895, hujiambia kwamba mapito yote matatu ni mafupi kuliko pale alipokwisha kusimama, kwa hiyo hana cha kuogopa. Hesabu hiyo inasahau namna Kilimanjaro inavyopandwa. Kambi ya mwisho ya njia nyingi iko kwenye mita 4,700 hivi, unapumzika hapo saa chache, unapanda usiku, na mchana wake tayari unateremka kwenda kulala mahali penye hewa nzito. Khumbu, tangu unapofika Dingboche hadi unapotokea Lungden upande wa pili wa Renjo La, unalala juu ya mita 4,300 kwa zaidi ya juma zima, mara nyingine karibu na mita 5,000. Katika kimo cha mita 5,500 mkandamizo wa hewa ni kama nusu ya ule wa pwani. Mwili unaweza kuvumilia hali hiyo usiku mmoja kwa kupiga moyo konde, lakini unapodumu humo siku nyingi hamu ya chakula inapungua, usingizi unakatika katika, kikohozi cha hewa kavu hakiishi, na kidonda kidogo cha kisigino kinakataa kupona. Uchovu wa aina hiyo haufahamiki kwa mtu aliyeonja mlima kwa siku sita tu.

Kwa hiyo turudi kwenye likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo kwa mwaka, na ukizitazama haraka zinaonekana kutosha kabisa. Toa siku za kwenda na kurudi, maana kutoka Dodoma unapita Dar es Salaam, kisha unabadilisha ndege katika nchi za Ghuba kabla ya Kathmandu. Toa siku ya vibali na maandalizi ya Kathmandu. Toa siku mbili au tatu za kungoja ndege ya Lukla, ambayo hairuki mawingu yanapoziba bonde, na ambayo katika miezi yenye wageni wengi mara nyingi haiondokei Kathmandu bali Ramechhap, saa kadhaa kwa gari. Ukifika hapo utaona kwamba anayepanga safari ya siku 20 amebakiwa na siku chache sana za akiba, na anayeomba likizo ya majuma matatu hana hata moja. Ushauri wangu ni kuchukua likizo yote kwa mkupuo, na kama haiwezekani, kupunguza pito moja tangu ukiwa nyumbani badala ya kubana ratiba ya mapito matatu. Kuhusu msimu, Oktoba na Novemba ndiyo miezi ninayoipendekeza. Machi hadi Mei nako kunafaa, ila kwa watumishi wengi wa hapa makao makuu, kuanzia Aprili Bunge la Bajeti limekwisha kuanza na ruhusa haipatikani kwa udi wala uvumba.

Siku za akiba zina kazi mbili, na ya kwanza ni kuuzoesha mwili. Kanuni inayofuatwa na madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku nzima. Namche na Dingboche ndipo watu wengi hupumzika, na kupumzika huko maana yake ni kupanda kilima cha jirani asubuhi kisha kurudi kulala chini. Kichwa kikiuma na chakula kikikataa, usipande. Ngoja hapo hapo mpaka hali itulie. Mtu akianza kuyumba kiasi cha kushindwa kutembea kwenye mstari kwa kugusanisha kisigino na vidole, au akihema hata akiwa ameketi, hakuna tena kungoja. Anateremshwa mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Dawa ya Diamox inasaidia mwili kuzoea, na ni vyema uzungumze na daktari kabla ya kuondoka, lakini haimpi mtu ruhusa ya kukimbilia juu.

Kazi ya pili ni kuingojea hali ya hewa, na hapa Kongma La ndiyo mwalimu. Unatoka kijiji cha Chhukung kabla ya jua, unapanda miteremko ya nyasi kavu, kisha mawe makubwa, unapita vijiziwa vidogo vya maji, na kufika juu mahali penye bendera za sala zinazopigwa na upepo. Wengi hudhani kazi imekwisha. Kumbe shughuli inaanza upande wa pili: mteremko mrefu wa mawe yanayotikisika chini ya nyayo, na ukifika bondeni, huku nyumba za Lobuche unaziona kwa macho, mbele yako kumelala mto wa barafu wa Khumbu. Juu yake umefunikwa na kifusi cha mawe na mchanga wa kijivu. Njia hubadilika kadiri barafu inavyosogea, hivyo rundo la vijiwe lililowekwa kuonyesha njia msimu uliopita linaweza kukupeleka ukingoni mwa shimo la maji. Unakanyaga mchanga, mguu unateleza, na chini yake unaona barafu nyeusi iking'aa. Mara kwa mara unasikia mawe yakiporomoka ndani ya maji usiyoyaona. Kuvuka pale saa kumi jioni ukiwa hoi, au theluji ikiwa imefunika alama, ni kujitafutia balaa.

Jambo ambalo watu hawaambiwi mapema ni kwamba kila pito lina njia ya kulizunguka. Kongma La inazungukwa kwa kurudi Dingboche na kupandia Dughla hadi Lobuche. Cho La, ambayo juu yake kuna barafu ya kutembelea na inahitaji meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu, inazungukwa kwa kuteremka Pangboche, kupita Phortse na kupanda bonde la Gokyo. Renjo La unaiacha kwa kuteremka bonde hilo hilo hadi Namche. Mizunguko hiyo inakula siku, ule wa Cho La hasa, na mtu asiye na siku anajikuta analazimisha pito. Tulipokuwa Dzongla, kituo cha kulala kabla ya Cho La, theluji ilianguka mchana kutwa. Mwongozaji wetu alisema tungoje, tukangoja, na tulipovuka tuliondoka saa kumi alfajiri, kwa sababu jua likishawaka barafu inayoshikilia mawe huyeyuka na mawe hayo huanza kuporomoka. Wenzetu wawili wa kundi jingine, ambao tiketi zao hazikuwaruhusu kukaa, waliamua kuteremka na kuiacha Gokyo kabisa. Naona waliamua vyema, ingawa waliondoka wamenuna.

Mazoezi hapa Dodoma yanawezekana, ila usitegemee kuuzoea mwinuko katika mji ulio kwenye mita 1,100 na kidogo. Kinachojengwa hapa ni magoti na mazoea ya kuamka kesho yake na kutembea tena. Vilima vya mawe vinavyouzunguka mji ni vifupi, basi uvipande na kuviteremka mara nyingi, ukiwa na begi lenye chupa za maji, na uzito uuongeze kidogo kidogo. Wengine hushauri kuyamwaga maji kileleni ili kuyapunguzia magoti kazi wakati wa kushuka. Kwa Dodoma naona huo ni ufujaji, na tena magoti yanatakiwa kuzoea kushuka na mzigo. Tembea siku tatu mfululizo kila mwisho wa mwezi badala ya siku moja ndefu. Miezi miwili kabla ya safari nenda Katesh ukapande Hanang, yenye mita 3,400 na ushei, ambayo kwa lami ya Kondoa na Babati inafikika vizuri, na usiipande Jumamosi tu ukarudi kulala. Kesho yake tembea tena.

Kuhusu chakula sina mengi. Wali na dengu ndio mlo wa kutegemewa, na ukimaliza sahani unaongezwa. Nyama iacheni, maana hubebwa kutoka chini kwa siku kadhaa bila jokofu. Aliyezoea nyama choma ya mnadani Msalato atavumilia. Beba ubuyu na karanga za kutoka nyumbani, kwa kuwa hamu ya chakula ikipotea kitu chachu huingia kinywani hata pale wali unapokataa.

Bima isome mwenyewe, neno kwa neno, uhakikishe inagharamia uokoaji wa helikopta hadi mita 6,000, kwa sababu nyingi za bei nafuu huishia chini ya hapo. Kabla ya kuondoka Lukla kubalianeni na mwongozaji kwamba neno lake la kurudi halijadiliwi, na mpagazi wako umkague kama ana koti na viatu vya kutosha kwa theluji. Fedha taslimu chukua Namche, kwa kuwa mashine za huko ndizo za mwisho, na ukadirie pia chakula na malazi ya zile siku za akiba, maana bei ya vitu hivyo hupanda kadiri unavyopanda.