Feni zinazunguka lakini monita haionyeshi kitu
Ndugu, kompyuta ya mezani ambayo feni zake huzunguka huku monita ikibaki nyeusi, kama unavyoeleza, mara nyingi imekwama katika ukaguzi wa awali ambao ubao mama, yaani bao kuu linalounganisha sehemu zote za kompyuta, huufanya kabla Windows haijaanza kupakiwa, kwa hiyo kupiga Windows upya, kama fundi alivyokushauri, hakutasaidia chochote. Hakikisha kwanza kwamba kebo ya monita imechomekwa kwenye kadi ya picha, yaani kadi ya ziada inayotoa picha kwa monita, ikiwa ipo, wala si kwenye tundu la ubao mama.

Kisha shughulikia ramu, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ambayo ndiyo ninayoishuku zaidi. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe, gusa chuma cha kasha, toa vipande vyote vya ramu, futa taratibu meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio laini, na urudishe kipande kimoja tu hadi vishikizo vibane. Picha ikitokea, jaribu kipande kingine katika tundu lile lile, ili ujue kama kibovu ni kipande au ni tundu.

Ubao mama wenye spika ndogo kwa kawaida hulia ukiwashwa bila ramu. Ikiwa wako una spika hiyo na unabaki kimya ukiwashwa hivyo, shuku pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), prosesa (chipu kuu inayofanya kazi za kompyuta) au ubao wenyewe. Pawa saplai ipime kwa kuazima nyingine nzima, na usiifungue kamwe, kwa sababu kapasita zake, yaani vijisehemu vinavyohifadhi chaji, hushika umeme hata baada ya kuchomolewa.