Niliambiwa udaktari si wangu, kisa protoni moja

Juzi usiku dogo mmoja wa Kasulu, kidato cha tano PCB (fizikia, kemia na biolojia), kaniandikia: "Kaka, asidi na besi zimenishinda, nihame tahasusi?" Usingizi ukakata. Dogo, usihame.

Mimi kemia ya mtihani wa utimilifu nilipata F. Swali moja lilitaka besi inayobaki HCO₃⁻ (bikaboneti) ikishatoa protoni, yaani haidrojeni iliyovuliwa elektroni. Nikaandika H₂CO₃ (asidi ya kaboniki), na wino nikakoleza. Mwalimu akaiinua karatasi yangu mbele ya darasa: "Huyu ndiye atakayewatibu mama zenu." Walicheka mpaka kengele ikagongwa. Nikikumbuka, masikio bado yananiwaka.

Likizo nikarudi Ujiji. Mama alikuwa anasugua sufuria lililoganda mawese, pembeni kaweka bakuli la maji ya majivu aliyoyachuja. Kwa hasira zangu tu nikayakamulia ndimu. Kimya. Nikakamua ya pili, na ya tatu. Hapo povu likapanda, viputo vinachacharika mpaka ukingoni. "We mtoto, unaniharibia maji yangu!" Mimi nimechuchumaa, nimeduwaa.

Maji ya majivu yana kaboneti, CO₃²⁻. Ndimu inatoa protoni, kaboneti inapokea moja, inakuwa HCO₃⁻. Kimya kile ndicho hicho. Ikipokea ya pili inakuwa H₂CO₃, nayo haikawii kuvunjika kuwa maji na kaboni dayoksaidi. Ndiyo povu. Kumbe swali lilisema kutoa, mimi nikajibu kupokea! Jibu, CO₃²⁻, lilikuwa kwenye bakuli la mama tangu nazaliwa.

Ya katikati nayaruka, yalikuwa kurudia mtihani na kula mihogo. Leo ni mfamasia, hapa hapa Kigoma. Mwalimu yule aliwahi kuja dukani kutafuta dawa ya kiungulia, ambayo nayo ni besi, kazi yake kupokea protoni za tumboni. Nilimhudumia vizuri. Ila chenji nilimhesabia taratibu sana.

Sasa ushauri. Mwaka 1923 Brønsted wa Denmark na Lowry wa Uingereza, kila mtu kivyake, walisema asidi hutoa protoni, besi huipokea. Kwa hiyo kila mlinganyo uliza: nani katoa, nani kapokea? Aliyetoa chaji yake inashuka kwa moja, aliyepokea inapanda kwa moja. Ukiona haikushuka wala kupanda, umekosea, futa. Narudia, nani katoa, nani kapokea. Ninyi mnaotaka koti jeupe, na najua wote mnalitaka, acheni kupiga picha ubao mkadhani mmesoma! Maji ndiyo kigeugeu: kwa asidi ya haidrokloriki yanapokea, yanakuwa H₃O⁺, yakikutana na amonia yanageuka mtoaji.

Dogo, kabla hujaenda kwa mwalimu wa taaluma kuomba kuhama, nijibu hili: amonia ikishapokea ile protoni, inakuwa nini, na maji yamebaki nini? Weka na chaji zake.