Funza hawazoei dawa

Mkulima wa pamba kutoka Magu ananiuliza: "Muuza pembejeo ameniambia funza wa vitumba wameizoea dawa. Bwana shamba anasema wamekuwa sugu. Nani kasema sawasawa?"

Bwana shamba. Na hilo "wamezoea" limenichosha! Nalisikia madukani, redioni, hata kwa wasomi wa kilimo ambao wangepaswa kulikemea.

Kuzoea ni jambo la kiumbe mmoja katika maisha yake. Mvuvi wa Kirumba huzoea baridi ya alfajiri ziwani. Kuvuta kamba kila siku humwotesha sugu viganjani, na ndiko neno letu lilikoanzia: sugu ni ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa. Sasa mshike mkono mwanawe siku anayozaliwa. Laini! Mvuvi huyo azae watoto kumi, wote viganja laini; hakuna anayerithi sugu ya baba. Funza sivyo. Aliyepuliziwa akafa hakuzoea chochote. Aliyepona alizaliwa na kinga yake, akawarithisha wanawe, na vizazi vichache baadaye shamba zima ni la ukoo wake. Yuko wapi hapo aliyezoea?

Tena kinga hiyo ina mizizi mirefu. Zile nukta nyeusi kwenye jani la pamba ni tezi zenye gosipoli, sumu ya mmea wenyewe. Ukoo wa funza huyu umepambana na sumu za mimea tangu kabla hatujajua bomba la kupulizia, na vimeng'enya, yaani kemikali za mwili zinazovunjavunja sumu, vinavyoamshwa mwilini mwake na gosipoli humsaidia kuhimili hata baadhi ya viuatilifu vya dukani.

Mkulima akiamini kwamba wadudu wamezoea, huongeza kipimo, akidhani aliyezoea kidogo atashindwa na kingi. Anaua wanyonge, anawaachia wababe wazaane. Alichohitaji ni dawa ya kundi jingine, inayoua kwa njia nyingine. Kitenzi kimoja kibovu kimemla fedha zake.

Basi sema: "Funza wamekuwa sugu kwa dawa hii," au "wana usugu dhidi ya dawa hii." Ama "usugu wa dawa", kana kwamba dawa ndiyo iliyoota sugu, nimelipinga miaka mingi. Sasa limeenea hadi kwenye mabango ya afya, na watu wanaelewana nalo. Hilo nimeliachia. "Wamezoea" siliachii.