Barua kwa mwanangu: Ezekieli na kile chombo cha anga

Mwanangu Atupele,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema vijana wa usharika wenu hapo Makambako wametumiana video inayodai kwamba katika sura ya 1 nabii Ezekieli aliona chombo kilichotoka sayari nyingine, na kwamba wataalamu wa Biblia wa siku hizi wamelikubali hilo. Unauliza kama ni kweli, na Jumamosi uwafundishe nini.

Si kweli. Wataalamu wa Biblia hawajakubali. Aliyelieneza sana dai hilo ni Erich von Däniken, Mswisi aliyekuwa meneja wa hoteli, katika kitabu chake cha 1968. Anayestahili kujibiwa kwa heshima zaidi ni Josef Blumrich, mhandisi wa NASA. Huyu alianza akitaka kumkanusha Däniken, akaishia kuchora chombo chenye mapangaboi manne kama ya helikopta, na 1973 akatoa kitabu. Mwaka 1974 alipewa hataza (haki ya mvumbuzi) Marekani kwa gurudumu linaloweza kwenda pande zote, kama magurudumu anayoyaeleza Ezekieli. Kijana mmoja lazima atalileta hilo gurudumu, maana ni kitu halisi. Mkubalie kabisa. Kisha muulize: fundi akitengeneza kitu kutokana na maneno aliyoyasoma, je, hilo linaonyesha kwamba mwandishi wa maneno hayo alikuwa amekiona kitu chenyewe?

Huku kwetu kitu kilichoanguka toka angani tunacho. Kimondo cha Mbozi kina urefu wa mita 3 hivi na uzito wa zaidi ya tani 10, na kimepimwa: karibu asilimia 90 ni chuma, asilimia 9 hivi ni nikeli. Chuma kinapimwa maabara. Ezekieli hakutuachia chuma, ametuachia maandishi, na maandishi yana vipimo vyake: nani aliandika, lini, kwa akina nani, kwa lugha ya picha ipi waliyokuwa wakiielewa. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya usomaji wa kisasa wa Biblia, ingawa watu huuogopa kana kwamba umeletwa kuvunja kanisa.

Sasa kipindi cha Jumamosi. Tenga dakika 90. Simu zikae mifukoni. Msome aya zote 28 kwa sauti, bila kukatisha. Kosa la kwanza la video hizo liko hapo: huishia aya ya 21, magurudumu yanapokwisha, halafu anga, kiti cha enzi cha yakuti samawi na upinde wa mvua (aya 22 hadi 28) vinaachwa. Waambie wahesabu mara ngapi mwandishi anasema “mfano” na “kama”, hasa aya ya 26. Mtu anayeandika ripoti ya chombo haongei hivyo. Kadiri anavyokaribia kiti cha enzi, ndivyo anavyozidi kusitasita.

Kisha rudini aya 1 hadi 3. Ezekieli ni kuhani, yuko uhamishoni Babeli kando ya mto Kebari, mwaka wa 5 tangu mfalme Yehoyakini achukuliwe. Yehoyakini alichukuliwa 597 KK, kwa hiyo tuko 593 KK. Hekalu la Yerusalemu bado limesimama. Litabomolewa miaka kama 7 baadaye. Mwachie kila mmoja aone tatizo la kuhani huyu: kazi yake iko hekaluni, na yeye yuko mbali nalo, kati ya watu wanaojiuliza kama Mungu amebaki nyuma.

Hapo wagawe makundi, kila kundi na karatasi na penseli, wachore kilichoandikwa tu. Watakosea mahali pamoja, nakuhakikishia: watampa kila kiumbe uso mmoja na mabawa sita. Hiyo ni Ufunuo 4. Kwa Ezekieli kila kiumbe kina nyuso nne (mwanadamu, simba, ng'ombe, tai) na mabawa manne, na nyayo kama za ndama. Usiwacheke. Waonyeshe kwamba Yohana wa Patmo, mwandishi wa Ufunuo, alimsoma Ezekieli, akachanganya na mabawa sita ya maserafi, viumbe wa mbinguni wa Isaya 6. Tayari watakuwa wamefanya kazi ya kitaalamu bila kujua.

Wakimaliza kuchora, fungueni 1 Wafalme 7:27-33. Hapa ndipo pa kukaa sana. Sulemani alitengenezewa vitako 10 vya shaba vya hekaluni, vya kuwekea birika, kila kimoja dhiraa 4 kwa 4, kimo dhiraa 3, kimechorwa simba, ng'ombe na makerubi (viumbe wa mbinguni wenye mabawa), na chini kina magurudumu manne kama ya gari la vita, kila gurudumu dhiraa moja na nusu, yaani kama sentimeta 70. Simba, ng'ombe, makerubi, magurudumu: kuhani alivijua hivyo kabla hajafika Kebari. Ongezeni Zaburi 18:10, Mungu akimpanda kerubi na kuruka. Ukipata picha za sanamu za mafahali wenye mabawa na vichwa vya watu, zilizofukuliwa kwenye majumba ya wafalme wa Ashuru katika karne ya 19, wape waone. Milango ya watawala wa pande zile ililindwa na viumbe wa namna hiyo. Ezekieli anawachukua walinzi hao na kuwaweka chini ya kiti cha Mungu wa Israeli.

Na magurudumu ni ya nini? Kiti kinatembea. Sura ya 10 na 11 utukufu unaondoka hekaluni na kusimama mlima wa mashariki. Sura ya 43 unarudi. Ukisema ni chombo cha anga, safari hiyo yote haina maana, na huna la kufanya na sura ya 3, pale nabii anapokula gombo lililo tamu kama asali. Rubani wa sayari nyingine ana shida gani na dhambi za Israeli?

Mwenye macho makali atagundua kwamba katika 10:14 uso wa ng'ombe haupo, pana uso wa kerubi. Usimzime. Wataalamu wengi huona hapo mkono wa wanafunzi wa Ezekieli waliolipitia andiko baadaye. Mimi naona maelezo hayo yana nguvu, na sioni yanamnyang'anya mtu imani gani.

Sasa, usiwafukuze wanaopenda hadithi za kubuni za kisayansi. Ugomvi wangu ni na ubuni unaojiita ushahidi. Hadithi inayokiri kuwa ya kubuni inaweza kuiuliza Biblia swali zito kuliko mahubiri mengi. C. S. Lewis, Mkristo, katika riwaya ya 1938 alimpeleka mtu Mars akute viumbe wasioanguka dhambini. Swali la Warumi 5, kuhusu dhambi iliyoingia kwa mtu mmoja, linageuka mara moja. Arthur C. Clarke, ambaye hakuwa muumini, aliandika 1955 hadithi fupi ya padri Mjesuiti, mwanasayansi, anayekuta mabaki ya watu wema walioteketea nyota yao ilipolipuka. Anapiga hesabu, anagundua kwamba mwanga wa mlipuko ule ndio uliong'aa juu ya Bethlehemu. Hadithi inakomea kwenye swali lake kwa Mungu. Isimulie kipindi kingine, usome Mathayo 2 na Ayubu 38, kisha nyamaza. Kiongozi akikimbilia kujibu, kipindi kimekufa. Waache wabishane walau dakika 20.

Toa nakala za Ezekieli 1, 10 na 1 Wafalme 7 katika tafsiri ileile. Wakichanganya Union na Habari Njema mtapoteza muda kulinganisha maneno badala ya picha. Na wakipenda wakaomba kuendelea na kitabu chote, sura ya 16 na ya 23 usiwape wale wadogo wa kipaimara kabla hujaongea na mchungaji. Lugha yake ni kali, na wazazi watakuja kwako, si kwa Ezekieli.

Mama yako,
Tukuyu