Re: Ni mbu au kunguni?
Mkuu, kama neti umeichomeka vizuri na bado unaamka na vipele vilivyojipanga mstari, mimi nahisi kunguni. Usiku washa tochi ya simu, kagua mishono ya godoro na matundu ya misumari kwenye chaga. Ukiona vidoa vyeusi kama vya wino, ndio wenyewe hao.

Hayo mafuta ya taa uliyoshauriwa achana nayo, utaunguza nyumba bure. Kifungue kitanda chote, mwagia maji yanayochemka kwenye maungio. Mashuka yafue kwa maji ya moto. Rudia baada ya wiki mbili, maana mayai huanguliwa ndani ya siku 6 hadi 10. Kuhamia sebuleni hakusaidii, wanakaa miezi bila kula. Na lile sofa la mtumba ulilonunua juzi, lipekue leo leo.