Usilipie stika, inama kwanza usome injini

Nimelisoma swali lako usiku na usingizi ukaniruka. Uko Konde, una milioni mbili na laki nne za karafuu, Jumamosi unapanda boti kwenda Unguja, na duka ulilolipigia simu limekuwekea pikipiki tatu za Kichina, kwa cc, yaani ukubwa wa injini: 125 kwa 2,150,000, 150 kwa 2,300,000 na 200 kwa 2,750,000. Unauliza injini ipi ngumu, ipi haili mafuta, rimu za spoku au za aloi, na usajili ufanye kulekule au urudi nao Pemba. Halafu mwisho kabisa ukaandika maneno yaliyonichoma: "Nishaamua hiyo 150, tofauti yenyewe laki na nusu tu."

Subiri. Usitume hata shilingi ya kuishikia.

Laki na nusu hiyohiyo niliitoa mimi mwaka 2021. Zilikuwa mbili zimesimama ubavu kwa ubavu, tangi moja, taa moja, siti moja. Moja imebandikwa 125, bei yake 2,200,000. Ya pili imebandikwa 150, bei 2,350,000. Muuzaji akaniwekea mkono begani, akaniambia, "Yakhe, nyinyi Pemba kwenu vilima, usijitese na mia na ishirini na tano. Chukua mia hamsini hii, laki na nusu unairudisha msimu mmoja." Maneno matamu, na vilima kweli tunavyo. Nikalipa. Kwenye risiti akaandika kwa mkono wake "CC 150", nami nikaikunja risiti ile nikaitia kwenye pochi kama hati ya shamba.

Miezi minane ilikwenda vizuri. Njia tambarare haina neno, kila pikipiki mpya ni nzuri kwenye lami ya tambarare. Msimu ulipoanza nikaanza kushusha karafuu, polo mbili nyuma na mtoto wa kaka yangu juu yake, Mtambile kwenda Mkoani. Kila kilima naingia gia ya pili, injini inalia, naona ajabu, mia hamsini gani hii inayotapatapa hivi? Nikidhani mzigo umezidi. Siku moja ikapunguza nguvu katikati ya mlima, ikatoa harufu ya chuma kilichoungua, ikazima na kiki ikagoma kushuka. Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania kwenye bloku, kile chuma chenye tundu inamopanda na kushuka.

Fundi akafungua, akaona pistoni imekwaruzika upande mmoja toka juu mpaka chini. Akaniuliza ya ngapi hii. Nikamwonesha risiti na stika. Hakupima. Akaniandikia niagize seti nzima ya 150: bloku, pistoni, ringi na gasketi. Nikaiagiza Unguja, 165,000 na nauli ya boti juu yake, nikasubiri siku tisa huku karafuu za watu zinashuka kwa pikipiki za wengine.

Seti ikafika mchana, tukakaa chini ya mwembe. Fundi akasafisha uso wa kesi, lile ganda la chini la injini, akaweka gasketi, akaishika bloku mpya kwa mikono miwili, akaishusha. Haikushuka. Ule mdomo wa chini wa bloku unaotakiwa kuzama ndani ya kesi ulikaa juu kama kifuniko cha sufuria kubwa juu ya sufuria ndogo. Akaizungusha, akaipaka grisi, akaigonga kidogo kwa mpini wa nyundo. Wapi. Ndipo alipotoa venia, kile kipimo cha kubana, akaibana pistoni ya zamani: milimita 56 na nusu. Akaibana mpya: 62. Tukatazamana. Akachovya tambara kwenye petroli, akaisugua kesi ubavu wa kushoto, chini, jirani na pedali ya gia, mpaka tope la miezi minane likatoka na herufi zikaonekana: 156FMI.

Wallahi nilizisoma mara tatu. Ile ilikuwa 125 tangu ilipotoka kiwandani China, na kila mtu aliyeipitisha mkononi kwake mpaka kunifikia mimi alikuwa na macho ya kusoma.

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo ilipo dawa yako. Injini hizi za Kichina zimepigwa muhuri wa aina moja. 1 ya mwanzo ni silinda moja. Nambari mbili zinazofuata ni kipenyo cha pistoni kwa milimita, bila kuhesabu nukta. F ni kupozwa kwa upepo. M ni pikipiki. Herufi ya mwisho ni daraja la ukubwa: I ni 125, J ni 150, L ni 200, H ni zile ndogo za 110. Kwa hiyo 156FMI ni 125. 157FMI nayo ni 125. 162FMJ ndiyo 150 ya kweli. 163FML ni 200. Herufi zikikupotea, kwa injini za aina hii shika mbili tu: 56 ni 125, 62 ni 150. Ukiona 56 na juu imebandikwa 150, usiilipie bei ya 150.

Na kwa nini wanaweza kukughuri kirahisi hivyo? Kwa sababu mwendo wa pistoni, kupanda na kushuka kwake, ni milimita 49.5 katika 125 na katika 150 za aina hii. Kimo cha bloku ni kilekile, kwa nje huwezi kuzitenganisha kwa jicho. Kilichobadilika ni upana wa tundu la ndani tu. Tundu la 56.5 linakupa cc 124, tundu la 62 linakupa cc 149. Cc 25 zote hizo zimefichwa ndani ya chuma, na nje mtu anabandika anachotaka. Stika ya "150" bei yake haifiki hata soda. Mimi niliinunua kwa laki na nusu.

Na hapo bado sijakwambia kosa langu kubwa. Fundi wangu, Mungu ampe kheri, aliniambia palepale: "Rudisha seti, nunua ya 125, elfu tisini, kesho unatembea." Ningemsikiliza hadithi ingekwisha. Lakini nilikuwa na hasira. Nililipia 150, nikaitaka 150 yangu. Nikampata fundi mwengine mjini Chake, mwenye ulimi kama wa yule wa dukani, akaniambia jambo dogo, tunaipeleka kesi kwenye mashine ya kukereza, tunapanua tundu, bloku ya 62 inaingia, unakuwa na mia hamsini halisi. Elfu sabini ya kukereza, na kazi yake mbali.

Mwanangu, usikubali kamwe kukerezwa kesi ya injini. Ile kesi haikutupwa kiwandani kwa ajili ya bloku nene. Ukipanua tundu, chuma kinachobaki baina ya tundu na mashimo ya boliti za kubana bloku kinakuwa chembamba kama ganda la yai. Lakini siku ya kwanza inakudanganya. Ilipanda kilima cha Mkoani kwa gia ya tatu na polo mbili, nikapiga kelele peke yangu barabarani kwa furaha. Siku ya kumi ikaanza kutoa jasho la oili pale bloku inapokaa. Fundi akabana boliti. Siku ya kumi na tano kukawa na mlio ndani, ngo ngo ngo, ukiongeza mafuta unazidi. Akaniambia ni klachi. Siku ya kumi na tisa kesi ikapasuka kwenye shimo la boliti, oili yote ikamwagika mguuni mwangu, na kabla sijazima mkono wa pistoni ukakatika ukatoboa kesi. Nilisukuma mpaka nyumbani usiku. Fundi yule simu yangu hakuipokea tena mpaka leo, na namwambia hapa, kama anasoma, elfu sabini yangu na kazi yake nimemsamehe, ila kuniambia "ni klachi" huku akijua alichokifanya, hilo sijamsamehe.

Nikanunua injini nzima mpya, 780,000. Safari hii nilikwenda na tambara langu na petroli kwenye chupa, nikaisafisha na kuisoma mbele ya muuzaji: 162FMJ. Hesabu yake: seti 165,000, kukereza 70,000, injini 780,000, ufundi wa mara zote 120,000. Jumla 1,135,000. Ongeza na 2,350,000 ya mwanzo. Pesa hiyo wakati ule ilikuwa inanipatia Boxer mpya ya Kihindi na chenji inabaki. Na nikabaki na kazi ya kuhangaikia karatasi, maana nambari ya injini kwenye kadi haikuwa tena ile iliyo kwenye chuma, na ukisimamishwa njiani hilo ni la kujieleza.

Usiniambie kwamba Boxer nayo si 150 kamili. Najua, ni cc 144.8, na kiwanda chenyewe kinaiandika hivyo wazi kwenye vipimo vyake. Kuichukua 144.8 ukaiita 150 ni jina la biashara. Kuichukua 124 ukaiita 150 ni wizi.

Injini yenyewe ya 125 usiidharau. Asili yake ni Honda CG125 ya miaka ya 1970, iliyobuniwa kwa watu kama sisi, wasiobadili oili kwa wakati na wasio na fundi jirani. Haina taimingi cheni. Valvu zinasukumwa na fimbo mbili za chuma kutoka chini, na kamu, kile chuma kinachozisukuma fimbo, iko chini inaoga oili. Wachina wakaichukua ramani hiyo wakaitengeneza kwa mamilioni, ndiyo maana spea yake unaipata hata duka la kijijini pamoja na chumvi na vibiriti. Inapiga kelele valvu zikilegea, basi, zikazwe. Zile nyengine zenye cheni ndani zimetulia zaidi na zinakimbia, lakini cheni ikilegea Pemba utamtafuta wa kuifanya. Kwa vilima vya huko kwenu, 125 ya kweli ukiipunguza jino moja sproketi ya mbele, ile ya meno inayovuta mnyororo, inapanda vizuri, inapoteza mbio kidogo tu. Laiti ningenunua ile ya 2,200,000 nikaweka sproketi ya elfu chache.

Ile 200 hata usiiguse, bajeti yako haifiki. Ni injini za maguta, mwendo wa pistoni ni milimita 62.2, nguvu inazo lakini kwa abiria na karafuu ni mzigo wa bure.

Jambo jengine, la dakika moja. Isome na nambari ya fremu, kwenye shingo ya usukani. Ina tarakimu na herufi 17. Ya China inaanza na L. Hesabu mpaka ya kumi: hiyo ni mwaka wa modeli. L ni 2020, M ni 2021, N ni 2022, P ni 2023, R ni 2024, S ni 2025. Yangu niliyouziwa "mpya ya mwaka huu" ilikuwa na J, yaani 2018. Miaka mitatu imesimama kwenye joto na hewa ya chumvi, siili za injini zimekauka zikiwa dukani. Ukikuta herufi ya zamani, bei ishuke, na isiposhuka, shuka wewe ngazi.

Na ukikuta pale penye nambari pamesagwa, pamepakwa rangi mpya, au muuzaji anakwambia "hizo ni nambari za kiwandani tu, hazina maana", usibishane naye. Aga, ondoka. Maduka ya pikipiki Unguja hayajaisha.

Kwa hiyo Jumamosi ukishuka botini, usianze na rangi wala tangi. Chukua tambara. Piga magoti upande wa pedali ya gia, washa tochi ya simu, futa, soma. Ikiwa ni 162FMJ kwa 2,300,000, lipa na dua yangu iko nawe. Ikiwa ni 156FMI, nunua ile ya 2,150,000 iliyo jirani yake, maana ni pikipiki ileile bila ya stika. Na hakikisha risiti inaandikwa ile nambari ya injini uliyoisoma kwa macho yako, herufi kwa herufi, si "CC 150" ya mkono.

Piga picha ya kesi uiweke hapa kabla hujatoa pesa. Nitakuwa macho na simu mkononi toka asubuhi.