Kabla hujalala kwenye kitanda cha kuotea jua

Baridi ya kwanza niliyoipata Manchester ilinikalisha ndani miezi mitatu. Viungo vinauma, mwili mzito, na kipimo cha damu kikaonyesha vitamini D iko chini. Shoga yangu mmoja wa Mombasa akaniambia, "Vidonge vya nini? Nenda kaote jua la taa, dakika nane tu, utarudi umechangamka." Nikaenda kwenye saluni yenye vitanda vya taa za kuotea jua. Kila Oktoba nasikia wenzetu wakipeana ushauri huohuo, ndiyo maana nimeona niandike.

Ukifika, unalipia dakika, halafu unaoneshwa chumba kidogo cha kujifungia. Ndani kuna kitanda cha kioo chenye taa ndefu chini na juu, unalala na kujifunika kama samaki kwenye jiko la mkaa la pande mbili. Kwingine ni kibanda cha kusimama. Joto linakupokea vizuri sana, na hapo ndipo mtu anapodanganyika, kwa sababu kuungua hakusikiki papo hapo. Mimi nilitoka nikitabasamu. Usiku kifua na mabega vikaanza kuwaka, nikashindwa hata kuvaa kanga. Wiki iliyofuata ngozi ikabanduka, ikaniachia mabaka yaliyokaa miezi.

Kumbe nilikuwa natumia doksisaiklini, dawa niliyopewa kwa ajili ya chunusi, na dawa hiyo huifanya ngozi iwe nyepesi kuungua na miale. Pale mapokezi hakuna aliyeniuliza natumia dawa gani. Zingatieni hili ninyi mnaokwenda nyumbani kusalimia: wengi huandikiwa doksisaiklini hiyohiyo kujikinga na malaria, na humezwa kwa wiki nne zaidi baada ya kurudi Ulaya. Muulize mfamasia kwanza, hata kama dawa yako ni nyingine.

Kuhusu vitamini D, tulikosea tangu mwanzo. Mionzi ya urujuanimno (UV), yaani ile miale isiyoonekana ya jua na ya taa hizi, inayotufikia ni ya aina mbili, A na B. Ngozi hutengeneza vitamini D kwa kutumia B, na taa za vitanda hivi kwa kawaida hutoa A kwa wingi zaidi. NHS yenyewe, huduma ya afya ya umma ya hapa Uingereza, inashauri kidonge cha mikrogramu 10 kwa siku, na sisi wenye ngozi nyeusi tufikirie kukitumia mwaka mzima. Kinauzwa hata supamaketi, tena kwa bei nafuu. Ukipimwa ukakutwa na upungufu, daktari ndiye atakayekupangia dozi.

Na usiambiwe weusi wetu unatosha. Unapunguza makali ya miale, hauyamalizi. Mwaka 2009 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliviweka vitanda hivi katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na sigara. Brazil ikavipiga marufuku mwaka huohuo. Hapa Uingereza sheria hairuhusu mtu wa chini ya miaka 18, kwa hiyo binti yako akikuomba ela ya kwenda na wenzake wa shule, mkatalie bila kusita. Ndugu zetu wenye ualbino wasikaribie kabisa, hata dakika moja.

Najua wapo watakaokwenda hata hivyo. Basi vaa miwani ya kinga iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kufumba macho hakutoshi, kope ni nyembamba mno, na taulo usoni si kinga. Jifute manukato na vipodozi. Kama una doa mwilini lililobadilika rangi au ukubwa, ahirisha, umwone daktari. Na ikiwa wa mapokezi anapokea pesa bila kukuuliza umri, dawa wala aina ya ngozi yako, ondoka. Mimi pesa yangu nilishalipa, nikaona aibu kuidai.